Tunajitungia Sheria, Kisha Tunazitia Sahihi ya Mungu

Kila Januari makanisa mengi ya Nairobi huingia katika mfungo wa siku 21. Mada za kila siku husambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp, mikesha ya Ijumaa hujaa, na kuanzia saa kumi na moja alfajiri watu huungana kwa simu kuomba kabla ya kukimbilia matatu. Naupenda msimu huo. Jiji linaloamkia madeni ya Desemba na karo ya shule linafanya vyema kupiga magoti kabla ya kupiga hesabu.

Lakini huo pia ndio msimu ambao maswali ya namna moja huzidi katika kikundi chetu cha Biblia. Nikipiga mswaki, mfungo umevunjika? Nikionja mboga jikoni nikiwapikia watoto? Chai ya rangi ni maji au ni chakula? Kijana mmoja wa mtaa wa Umoja, fundi wa simu katikati ya jiji, alishikwa na homa ya matumbo siku ya tisa, akala uji ili ameze dawa. Hakuuliza kama alikosea kula. Aliuliza zile siku nane alizokwisha kufunga zimekwenda wapi. Je, Mungu amezifuta? Akipona aanze upya, au aendelee na ya tisa? Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyepoteza akiba yake.

Swali hilo linastahili heshima, kwa maana linatoka kwa mtu anayemchukulia Mungu kwa uzito. Lakini linaonyesha pia kwamba mahali fulani, bila mtu yeyote kufundisha hivyo waziwazi, kijana huyu amejifunza kuwa Mungu anaweka daftari la mahudhurio. Ninalotaka kusema ni hili: kanuni aliyojiwekea Mkristo ni njema mradi aweze kuiweka kando kwa ajili ya mtu mwingine, au kwa ajili ya mwili wake mgonjwa, bila hofu kwamba Mungu amemwacha. Siku asipoweza, kanuni hiyo imeshakalia kiti kisicho chake.

Tuanze na mfungo wenyewe. Torati, ambayo sisi huiona kuwa kilele cha ukali, iliwaamuru Waisraeli wote kuzitesa nafsi zao siku moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho. Farisayo wa Luka 18 anasimama hekaluni na kusema kwamba yeye hufunga mara mbili kwa juma. Piga hesabu: Musa aliagiza siku moja, bwana huyu anatoa zaidi ya mia. Hakuna aliyemwamuru. Ni kanuni yake, na huenda aliianza kwa nia safi kabisa. Tatizo ni kwamba anapoitaja mbele za Mungu anaitaja pamoja na jirani yake, yule mtoza ushuru aliyesimama kwa mbali, na hesabu haikamiliki mpaka jirani huyo atolewe.

Na tusidhani jambo hili ni la Wayahudi. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ya kanisa ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, kinawaambia Wakristo wasifunge pamoja na wanafiki, maana hao hufunga Jumatatu na Alhamisi. Wakristo wafunge Jumatano na Ijumaa. Kila nisomapo mstari huo nahuzunika. Yesu alikuwa amesema ufungapo jipake mafuta kichwani, unawe uso, watu wasijue. Baada ya vizazi viwili au vitatu hivi, tofauti yetu na wanafiki imewekwa kwenye kalenda. Siku hizo mbili zilikuja kupata maana nzuri, moja kwa kukumbuka kusalitiwa kwa Bwana na nyingine kusulubiwa kwake, na Waorthodoksi wanazishika hadi leo kwa ibada ya kweli, kwa hiyo sizidharau. Nasema tu kwamba mteremko ni mkali na kanisa lilianza kuushuka mapema.

Siku zetu 21 tumezitoa kwa Danieli, sura ya 10, ambapo nabii anaomboleza majuma matatu bila chakula kitamu, bila nyama, bila divai. Sura hiyo haisemi popote kwamba Mungu alimwagiza idadi hiyo. Na malaika anapofika mwishoni anamwambia neno ambalo sijalisikia likihubiriwa mara nyingi Januari: tangu siku ile ya kwanza, maneno yako yalisikiwa. Siku ya kwanza, wala si ya 21. Zile nyingine 20 hazikuwa malipo. Danieli aliendelea kwa sababu moyo wake ulikuwa na huzuni kwa ajili ya watu wake, na mtu mwenye huzuni chakula humshinda. Nilimsomea fundi wetu wa simu aya hiyo. Alinyamaza, kisha akaomba nimtumie ili aisome tena nyumbani.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana kuna watu wanaosubiri makala za namna hii ili wapate ruhusa ya kucheka. Sitawapa.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuenea miaka ya 1930, ulifika kwetu Kenya, na mkutano wa Kabete wa mwaka 1937 unakumbukwa hadi leo. Walokole wale, yaani waliookoka katika uamsho huo, walikuwa watu wa kanuni. Hawakugusa pombe. Walitubu hadharani, wakirudisha walichoiba kwa mzungu na kwa mwafrika. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuongeza nyingine, na wengi wakakataa vilevile kushika bunduki za serikali. Baadhi waliuawa kwa msimamo huo. Mtu akiniambia kuwa hao walikuwa watumwa wa sheria tu, namwona hajaelewa alichokiona.

Tazama pia jiji hili lenyewe. Kijana anashuka kutoka kijijini, anapanga chumba Pipeline au Githurai, jirani hamjui, shangazi hayupo wa kumwuliza umerudi saa ngapi. Mshahara wa kwanza unaingia kwenye simu, na simu ileile ina michezo ya kubahatisha. Ameokoka juzi. Anajiwekea kanuni: sibeti hata shilingi kumi, sipiti ile njia ya baa, saa mbili usiku niko ndani, Jumatano niko kwenye ushirika. Kanuni hizo zinamshika wakati yeye mwenyewe hana nguvu ya kujishika. Baada ya miaka mitano ana mke, ana hisa kwenye SACCO, na watoto wanaomwona baba akiwa hajalewa. Anayezicheka kanuni za aina hii mara nyingi ni mtu ambaye baba yake hakuwahi kuinywa karo yake.

Hata John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, ambaye usiku wa tarehe 24 Mei 1738 kwenye mkutano mdogo wa mtaa wa Aldersgate, London, aliona moyo wake ukipata joto la ajabu na kujua kuwa anamtumaini Kristo peke yake, hakuchoma kanuni zake. Mwaka 1743 alichapisha Kanuni za Jumla kwa ajili ya vikundi vyake: usidhuru, tenda mema, shika taratibu za ibada. Kilichobadilika ni mahali kanuni ilipokaa. Kabla ya hapo alikuwa anaitumia kumtafuta Mungu akiwa hana uhakika naye. Baadaye aliitumia kama mtu aliyekwisha kupatikana.

Basi kanuni njema huharibikaje? Nimeishi ndani ya ushirika muda wa kutosha kuona jinsi inavyokwenda. Dada mmoja anasimama kushuhudia: Bwana amenionyesha niache kutazama vipindi fulani vya televisheni, vilikuwa vinanichafua. Tunaitikia Bwana asifiwe, na ni haki. Mwezi unaofuata wawili wengine wanashuhudia hivyohivyo. Mwaka ukiisha, mgeni anapotaja kipindi hicho mezani, watu wanatazamana. Hakuna aliyepiga kura, hakuna mchungaji aliyefundisha, wala hakuna andiko lililosomwa. Ushuhuda wa mtu mmoja kuhusu udhaifu wake mwenyewe umekuwa sheria ya nyumba nzima, na kwa kuwa haikuandikwa popote, hakuna pa kwenda kuipinga.

Hayo hayatokei kwenye vikundi vidogo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uamsho wa Uganda uligawanyika, na kundi lililojulikana kama Abazukufu likahesabu kukopa kuwa dhambi. Naelewa walikotoka. Deni limevunja nyumba nyingi, na mtu aliyeokoka kutoka katika ulaghai wa kukopa bila kulipa ana haki ya kusema, mimi na mikopo basi. Lakini kanuni hiyo ikisimamishwa kuwa mlango wa ushirika, mjane wa Kayole aliyechukua mkopo wa chama ili anunue cherehani anajikuta nje, akiwa ametenda jambo la busara kuliko yote aliyotenda mwaka ule.

Nadhani tunavutwa na kanuni za namna hii kwa sababu zinahesabika. Sura tatu za Biblia kwa siku, saa moja ya maombi, siku 21. Jioni unajua kama umefaulu. Upendo hauna jioni ya namna hiyo. Hakuna mtu aliyewahi kulala akisema leo nimemaliza kumpenda mama mkwe.

Na mahali ambapo jambo hili linaumiza zaidi Nairobi ni kwenye pesa.

Namjua mama mmoja, mhasibu, mtu ninayemheshimu. Ana daftari la jalada gumu ambalo amelitunza kwa miaka. Kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula: safu ya fungu la kumi, safu ya malimbuko, safu ya mifungo, safu ya sura alizosoma. Mshahara ukiingia, kabla hajafunga ujumbe wa benki, fungu la kumi limekwisha kwenda kwenye nambari ya Paybill ya kanisa. Hajawahi kukosa mwezi, na analisema hilo kwa shukrani kwa Mungu, wala si kwa majivuno. Kila Jumamosi mama fua huja kwake. Hufua tangu saa mbili asubuhi kwenye beseni tatu pale varandani, shuka, sare za shule, mapazia, mpaka vidole vyake vinakunjamana na kuwa vyeupe kwa sabuni. Akimaliza huambiwa, nitakutumia jioni. Jioni hugeuka kuwa Jumatatu. Mara nyingine hugeuka kuwa Alhamisi, na mama fua hupiga simu akiomba msamaha kwa kusumbua.

Mhasibu huyu si mwizi. Hana nia ya kumdhulumu mtu. Mwishoni hulipa kila shilingi. Ni kwamba fungu la kumi lina safu na mama fua hana. Jambo moja kwake ni sheria ya Mungu, lingine ni shughuli ya nyumbani inayoweza kungoja. Naye anayo aya ya kumtetea, Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani, ambayo Nairobi kila mtoto wa shule ya Jumapili anaijua kwa moyo. Basi na arudi nyuma aya tano tu, katika sura ileile. Malaki 3:5: Bwana anasema atakuja kuhukumu, naye atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na wale wamwoneao mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na mjane, na yatima. Mwajiri anayeuchelewesha ujira amewekwa benchi moja na mchawi. Mahubiri yetu huanza chini ya aya hiyo, kana kwamba ukurasa ulianzia pale.

Kumbukumbu la Torati 24 inasema wazi zaidi: kibarua maskini apewe ujira wake siku ileile, jua lisichwe juu yake, kwa maana moyo wake umeutumainia. Mama fua ameutumainia. Jioni ile alikuwa amepanga unga na mafuta ya taa.

Na zaka yenyewe, tukitaka kuwa watu wa sheria, tuisome yote. Kumbukumbu la Torati 14 inamwagiza mwenye kutoa zaka ale mbele za Bwana yeye na nyumba yake, afurahi. Na kila mwaka wa tatu zaka iwekwe ndani ya malango ya mji wake, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Sijasema tusitoe fungu la kumi kanisani. Mimi natoa. Nasema zaka ya Biblia ilikuwa na meza ndani yake, na maskini wa mtaa alikaa kwenye meza hiyo. Ukibakiza asilimia kumi na kuiondoa meza, umechukua sehemu inayohesabika na kuacha ile nyingine.

Yesu aliwakuta watu wa namna hii. Walilipa zaka hata ya mnanaa, bizari na jira, viungo vya kutia kwenye sufuria, wakaacha adili, rehema na imani. Hakuwaambia waache kulipa zaka ya mnanaa. Alisema hayo iliwapasa kuyafanya, bila kuyaacha yale mengine. Katika Marko 7 alikwenda mbali zaidi, akataja Korbani: mtu angeweza kuitangaza mali yake kuwa wakfu kwa Mungu, na baada ya hapo asiruhusiwe kumsaidia baba yake au mama yake kwa mali ile. Soma hilo polepole ukiwa na mzazi hospitalini, bili ikipanda kila siku, na ahadi ya jengo la kanisa uliyoitia sahihi mbele ya watu. Nimeona mtu akilia kwa kutojua alipe lipi kwanza. Aliogopa kuivunja nadhiri kuliko kumwacha mama yake azuiliwe wodini. Yesu alishalijibu swali hilo. Mchungaji anayejua jibu hilo na kunyamaza kwa sababu jengo halijaezekwa, atalijibia.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao hauumizi jirani, unaumiza mwenye kanuni. Huyu huonekana mara chache, kwa sababu haji kulalamika, hupotea tu. Alijiwekea maombi ya saa tisa usiku, akayashika miezi kadhaa, akapata kazi. Mtoto akazaliwa, usingizi ukamshinda, akakosa usiku mmoja, kisha juma. Mwezi uliofuata kampuni ikapunguza wafanyakazi. Moyoni mwake hakuna uchumi wa nchi, hakuna mwajiri aliyefilisika. Kuna usiku ule alioulala. Tangu hapo anamwona Mungu kama askari wa kanjo anayezunguka akingoja mchuuzi ateleze ili ambebe yeye na bidhaa zake. Na mtu hawezi kumpenda kanjo. Anaweza tu kumkimbia, na ndivyo wanavyofanya wengi ambao sisi tukiwauliza ndugu zao tunaambiwa, alirudi nyuma.

Martin Luther alipitia huko. Aliingia nyumba ya watawa ya Erfurt mwaka 1505, akafunga, akakesha, akaungama mpaka akamchosha aliyemuungamisha, na baadaye akaandika kwamba kama mtawa angeweza kuingia mbinguni kwa utawa, yeye angeingia. Kadiri alivyoshika ndivyo alivyozidi kuogopa. Paulo aliwauliza Wagalatia swali ambalo namwombea kila aliyepotea hivyo alisikie kwa upole kuliko lilivyoandikwa: mmeanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?

Najua pingamizi linalokuja. Wazee wawili wa kanisa wameniambia ana kwa ana: ndugu, ugonjwa wa Nairobi si ukali, ni ulegevu. Tazama wahubiri wanaohubiri neema bila toba. Tazama waumini wanaoimba Jumapili na Jumatatu wanatoa kitu kidogo kaunta ili faili lisogee. Ukiwalegezea kanuni hawa, utabaki na nini?

Wana haki ya kukasirika, nami nakasirika pamoja nao. Lakini nawaomba watazame vizuri huyo mtu wa kitu kidogo. Wengi wao si walegevu hata kidogo. Wamefunga. Wamekesha. Hawanywi, hawavuti, hawatukani. Hongo haikuwa kwenye orodha, basi. Kanuni zao ziliwapa hisia kwamba deni lao kwa Mungu limelipwa, na mtu aliyelipa deni hujiona huru kutumia kilichobaki apendavyo. Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba amri za msishike, msionje, msiguse zina sura ya hekima, lakini hazifai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Hakusema zimezidi ukali. Alisema hazifanyi kazi. Kinachofanya kazi, kwa maneno yake kwa Tito, ni neema yenyewe, ambayo yatufundisha kukataa ubaya. Neema ni mwalimu, na mwalimu huyo ana macho mpaka kaunta za ofisi, mahali ambapo orodha zetu hazijawahi kufika.

Nilipokuwa natafuta mfano wa kanuni iliyojengwa vizuri niliukuta mahali nisipotarajia, katika Kanuni ya Benedikto, iliyoandikwa Italia karne ya 6 kwa ajili ya watawa. Imejaa saa za sala, vipimo vya mkate, taratibu za kulala. Lakini sura ya 53 inaagiza kwamba mgeni akifika, mkuu wa nyumba avunje mfungo wake ili ale naye, isipokuwa kama ni siku kuu ya mfungo isiyoweza kuvunjwa. Kanuni imebeba ndani yake ruhusa ya kuivunja, na sababu ya ruhusa hiyo ni mtu aliyebisha hodi. Sisi Wakenya tungepaswa kuielewa sura hiyo haraka kuliko watu wote. Nyumba zetu mgeni hapewi maji akaachwa anywe peke yake. Halafu mtu anakuwa kwenye mfungo, shangazi anafika kutoka shambani na ndizi begani, na anaambiwa kaa hapo ule, mimi niko na Mungu.

Na kwa kuwa nimeutaja mwili mgonjwa: mfungo ukitangazwa, palepale kwenye tangazo hilohilo, si kwa kunong'onezana baadaye, isemwe kwamba mwenye kisukari asifunge bila daktari wake, anayetumia ARV ale kama alivyoelekezwa, mama anayenyonyesha ale, mjamzito ale. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, wengi wakitajwa kuwa waumini walioambiwa wafunge ili wakutane na Yesu. Baada ya hapo hakuna mtumishi wa Mungu nchini Kenya mwenye haki ya kuliachia jambo hili watu wajijazie wenyewe.

Limebaki suala la wanawake, maana kanuni nyingi zinazoonekana kwa macho huwaangukia wao. Kuna makanisa jijini ambako mlangoni huwekwa leso zilizokunjwa, na binti akija na suruali hupewa moja ajifunge kabla ya kuingia. Nimemwona mmoja akipewa. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Aliichukua, akaishika mkononi kwa muda, akairudisha kwa aliyempa, akasema asante, akaondoka kuelekea kituo cha matatu. Mwanamume aliyeingia nyuma yake hakuulizwa chochote, na kwa mwanamume ningeuliza nini? Kanuni zake ziko ndani ya simu yake, hazionekani kwa mtu wa mlangoni.

Vijana wengi hunitaka niseme kwamba leso ni upuuzi. Siwezi kusema hivyo, kwa sababu ya Warumi 14: yeye alaye asimdharau asiyekula, wala asiyekula asimhukumu alaye. Dharau imekatazwa sawasawa na hukumu. Bibi wa uamsho ambaye hajawahi kuvaa hereni tangu aokoke ana Bwana wake, na kwa Bwana huyo amesimama miaka mingi kuliko umri wetu. Asichekwe.

Paulo mwenyewe alikabili jambo moja mara mbili na kuamua mara mbili tofauti. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi na baba Myunani, alimtahiri kwa ajili ya Wayahudi wa pande zile, ilhali baraza la Yerusalemu lilikuwa limekwisha kuamua kwamba watu wa mataifa wasitwikwe mzigo huo. Lakini kwa Tito, Myunani, Paulo alikataa katakata kwamba atahiriwe. Kisu ni kilekile, mtume ni yuleyule. Kwa Timotheo hakuna aliyeufanya wokovu utegemee jambo hilo. Lilikuwa la kuwafikia majirani. Kwa Tito kuna watu walioingia kwa siri wakitaka liwe sharti, na mara lilipokuwa sharti Paulo hakuwakubalia hata kidogo.

Kwa hiyo binti huyu akienda Murang'a kusali na nyanya yake, kwenye kanisa ambalo akina mama wote wamejifunga leso, na ajifunge kwa furaha, akae karibu na nyanya, waimbe. Lakini akiambiwa kwenye mlango wa kanisa la Embakasi kwamba bila kitambaa hicho sala yake haifiki, na aikatae kwa adabu, aingie, atafute kiti. Mzee wa kanisa aliyeona asimame upande wake palepale mlangoni, kwa sauti ya kusikika, maana Tito hakuachwa ajitetee peke yake.